Mkate wa Kiwandani Huanzia Duka la Mwisho

Mkate wa slesi ukiuona rafuni Murangi, ujue uliokwa kwingine na umefika ukiwa tayari na umri. Murangi ni kata ya Wilaya ya Musoma, mkoani Mara, upande wa Ziwa Victoria, kwenye njia inayotoka Musoma mjini kuelekea Makojo na Busekera. Watu wake ni wakulima, wafugaji na wavuvi. Asubuhi zao ni za uji, muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha, au chai na andazi la moto. Mkate wa kiwandani umejipenyeza katikati ya vyakula hivyo ukiletwa na gari la abiria, pikapu au bodaboda, ukiwa ndani ya mfuko laini wenye tarehe, na mwenye duka huuweka mbele ili wapita njia wauone.

Maelezo mengi ya kiwanda cha mikate huanzia langoni: unga unaingia huku, mkate unatokea kule. Ukifuata njia hiyo utazijua mashine, ila hutajua kwa nini zimepangwa vile. Afadhali kuanzia kwenye ile rafu ya Murangi na kurudi nyuma, kwa sababu mwokaji wa kiwandani mwenyewe hupiga hesabu zake kutokea huko. Mkate utafika lini? Utakaa siku ngapi? Utabanwa na mizigo gani njiani? Mnunuzi akiuminya kwa vidole kabla ya kutoa hela, utarudi juu au utabaki umebonyea? Kuanzia joto la maji ya kukandia hadi saa ya kuwasha tanuri, karibu kila kitu kiwandani hutokana na majibu ya maswali hayo.

Tuanze na swali ambalo mtu mwenye akili za biashara angeuliza mara moja: kwa nini kusafirisha mkate badala ya unga? Mfuko wa unga wa kilo 50 hujaza nafasi ya kama lita 90, unapangwa mmoja juu ya mwingine, na ukiwekwa pakavu hukaa miezi. Unga huo huo ukiongezwa maji, sukari kidogo, mafuta, chumvi na hamira hutoa takriban mikate 185 ya gramu 400. Mikate hiyo hujaza karibu lita 300, haivumilii kubebeshwa kitu juu, na maisha yake ni siku chache. Anayesafirisha mkate kwa kiasi kikubwa anasafirisha hewa, na hewa yenyewe haikubali kubanwa.

Akina mama wa maandazi walishalijibu swali hilo zamani. Wao hununua unga dukani, huukanda usiku au alfajiri, huuchoma kwenye karai la mafuta, na ifikapo saa nne asubuhi beseni limekwisha. Hawahitaji tanuri, mfuko, tarehe wala kihifadhi, kwa kuwa mlaji yuko hatua chache tu kutoka jikoni. Kwa mahali kama Murangi hiyo ni teknolojia inayofaa sana, na sioni sababu ya kuiona duni mbele ya mkate wa mjini. Kiwanda huja na ahadi tofauti: mkate ulio sawasawa kila siku, unaoweza kuliwa kesho na keshokutwa, bila mtu kuamka saa kumi usiku kukanda. Ili kuitimiza ahadi hiyo, ni lazima kiwanda kishindane na muda katika kila hatua.

Kazi huanzia kwenye uchaguzi wa unga. Unga wa mikate hutokana na ngano ngumu, yenye protini ya asilimia 11 hadi 13. Ngano laini huachiwa keki na biskuti. Ndani ya ngano mna protini mbili, glutenini na gliadini, ambazo zikipata maji na kukandwa hushikana zikawa gluteni. Mvuvi wa Murangi anaweza kuielewa gluteni haraka kuliko mwanafunzi wa kemia: ni wavu. Macho yake ni madogo mno, kinachonaswa ni gesi badala ya dagaa, na ukisukwa ovyo unaachia kila kitu. Muhogo, mtama, ulezi na mahindi vina wanga wa kutosha lakini havina wavu huo. Nitarudi kwenye muhogo baadaye.

Unga ukishachekechwa, hupimwa pamoja na vitu vingine, na waokaji hupima kwa namna yao: unga huhesabiwa kuwa 100, na kila kitu kingine ni asilimia ya unga huo. Mkate mweupe wa kawaida katika nchi zetu unaweza kuwa na maji 58, sukari 6, mafuta 3, chumvi moja na nusu na hamira kavu moja na kidogo. Sukari yetu ni nyingi ukilinganisha na mikate ya Ulaya. Walaji wamezoea utamu na ulaini, na wenye viwanda wanalijua hilo. Chumvi nayo haiwekwi kwa ajili ya ladha peke yake. Huikaza gluteni na kuizuia hamira isikimbie mno, na mkandaji akiisahau donge humnata mikononi na mkate hutoka umelegea.

Mashine ya kukandia huzungusha donge kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Hapa mji kama Musoma una tatizo ambalo vitabu vya waokaji wa nchi za baridi hulitaja kwa juu juu tu. Donge linapaswa kutoka mashineni likiwa na nyuzijoto kama 27. Likizidi, hamira huanza kazi kabla ya wakati, na donge la mwisho kukatwa huwa limeumuka kuliko la kwanza. Mwokaji hulipata joto la maji kwa hesabu nyepesi: 27 mara tatu ni 81, toa joto la unga, toa joto la chumba, toa joto linaloletwa na msuguano wa mashine. Mchana wa Musoma unga una 28, chumba 29, na msuguano huongeza kama 14. Kinachobaki ni 10. Maji ya bombani hayafiki huko, kwa hiyo lazima yapozwe au yatiwe barafu. Katika mji uliozoea barafu kwa ajili ya samaki, ni rahisi kusahau kwamba mkate nao unaihitaji.

Zamani donge lililokwisha kukandwa lilifunikwa na kuachwa saa tatu au zaidi lichachuke. Katika muda huo gluteni ilikomaa na ladha ikajengeka. Mwaka 1961 watafiti wa Uingereza waliokuwa katika mji mdogo wa Chorleywood walitoa njia ya kuziruka saa hizo. Waligundua kwamba donge likikandwa kwa nguvu nyingi sana ndani ya dakika chache, kiasi cha wati-saa 11 kwa kila kilo, likiongezewa vitamini C na mafuta magumu kidogo, hukomaa hapo hapo. Njia hiyo iliwawezesha Waingereza kutumia ngano yao wenyewe, yenye protini kidogo, na kupunguza ile ya kununua Canada. Viwanda vingi vidogo na vya kati havina mashine kali kiasi hicho, ila wazo lile lile limeenea kwa njia nyepesi: mwokaji hutia unga wa kuboresha donge, wenye vitamini C na vimeng'enya, na donge huenda kukatwa bila kungoja. Kilichopotea ni ladha. Mtu anayesema mkate wa leo hauna harufu ya mkate hasemi uongo. Harufu ile ilikuwa inatengenezwa katika zile saa tatu.

Donge hukatwa kwa mashine kwa ujazo au kwa uzito. Kwa mkate wa gramu 400, kipande hukatwa gramu 450 hivi, maana sehemu ya maji itapotea tanurini na wakati wa kupoa. Hapo ndipo faida na sheria zinapokutana. Mwokaji akikata 440 badala ya 450, kila vipande 45 vinampa kimoja cha ziada, na Wakala wa Vipimo akija na mizani yake atakuta mkate hautimizi kilichoandikwa mfukoni. Vipande huviringishwa, hupumzishwa dakika chache ili gluteni ilegee, halafu hubanwa bapa na kukunjwa kama mkeka ili mapovu makubwa yatoke na yale madogo yasambae sawasawa. Tundu kubwa katikati ya slesi, lile linalodondosha majarini mezani, mara nyingi limezaliwa hapa.

Vikiwa ndani ya makopo yaliyopakwa mafuta, vipande huingia chumba cha kuumulia, chenye nyuzijoto 38 hivi na unyevu wa asilimia 80 au zaidi. Hukaa humo kwa kama saa moja. Hamira, ambayo ni kiumbe hai cha chembe moja, hula sukari na kutoa hewa ya ukaa na pombe kidogo. Louis Pasteur alionyesha mwaka 1857 kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Pombe hiyo huvukia tanurini, kwa hiyo anayejizuia na kileo asiwe na wasiwasi.

Umeme ukikatika wakati huu, hakuna kitu cha kusimamisha. Mashine ya kukandia inaweza kusubiri, tanuri linaweza kusubiri, hamira haisubiri. Mikate huendelea kupanda hadi kuta za mapovu zikapasuka na donge likazama katikati. Ndiyo maana jenereta katika kiwanda cha mkate haihesabiwi kuwa anasa, na ndiyo maana baadhi ya waokaji wadogo wameng'ang'ania tanuri la matofali na kuni hata pale ambapo nguzo za umeme zimefika mlangoni.

Tanurini, kwenye nyuzijoto 200 hadi 230, mambo mengi hutokea ndani ya nusu saa. Kwanza gesi hupanuka na hamira hufanya kazi kwa pupa ya mwisho, mkate ukapanda ghafla. Joto la ndani likifika karibu 60 hamira inakufa. Wanga unaanza kunyonya maji na kuvimba, gluteni inakauka, na umbo linakazika. Kwa nje, sukari na protini hukutana kwenye joto linalozidi 140 na kutengeneza rangi ya kahawia pamoja na sehemu kubwa ya harufu. Katikati ya mkate hakufiki huko. Kwa kuwa maji yapo, joto la ndani haliwezi kupita kiwango cha maji kuchemka. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzijoto kama 96, siyo 100. Mwokaji wa ukanda wa ziwa anayengoja kipimajoto chake kisome 98 atakausha mkate bure.

Kiwango hicho kina maana nyingine, ambayo mnunuzi wa Murangi huiona bila kujua asili yake. Kuna bakteria aitwaye Bacillus subtilis, mkazi wa udongoni, anayeingia na unga. Mbegu zake hazifi kwenye nyuzijoto 96. Mkate ukikaa siku mbili tatu kwenye joto, mbegu huamka, na ndani ya mkate hugeuka kuwa na utando wa kunata wenye harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Nje mkate unaonekana mzima. Kwa sababu hiyo, na kwa ajili ya kuvu, viwanda hutia kalsiamu propioneti, kiasi kisichofika nusu ya gramu kwa kila gramu mia za unga. Neno kihifadhi huwatisha watu. Mimi linanitisha kidogo kuliko mkate wa siku ya tatu uliokaa chini ya bati la duka bila hicho kihifadhi.

Mkate ukitoka kwenye kopo, macho ya mgeni huona kazi imekwisha. Kwa kweli ndipo inapoanza hatua inayoamua kama utafika Murangi ukiwa salama: kupoa. Tanuri limeua kuvu wote. Kuvu utakaouota mkate huu bado uko hewani, kwenye mikono ya watu, kwenye visu. Mkate wa gramu 400 unahitaji saa moja na nusu hadi mbili kushuka mpaka nyuzijoto 35 au chini yake. Ukikatwa ungali moto, visu huvuta na kuchana nyama yake. Ukifungwa ungali moto, mvuke hugeuka matone ndani ya mfuko, na palipo na matone kuvu hauchelewi. Dereva anapiga honi nje, oda ni nyingi, chumba cha kupozea ni kidogo: kishawishi cha kufunga mapema ni kikubwa, na nadhani mikate mingi inayoota kuvu kabla ya tarehe yake iliharibiwa katika dakika hizo. Mnunuzi anaweza kujikinga bila elimu yoyote. Auinue mfuko kwenye mwanga. Akiona ukungu wa maji kwa ndani, aurudishe rafuni.

Sasa hesabu ya saa inajipanga yenyewe. Kukanda robo saa, kukata na kukunja nusu saa, kuumua saa moja, kuoka nusu saa, kupoza saa mbili, kukata na kufunga robo saa au zaidi. Jumla ni saa nne na nusu hivi. Gari linalotaka kuondoka saa 11 alfajiri linahitaji donge lake la mwisho likandwe kufikia saa sita na nusu usiku. Usiku pia ni wa baridi kidogo, mkate hupoa vizuri, na barafu hutumika kidogo. Watu wa kiwanda cha mikate hulala mchana kwa sababu watu wa duka la mwisho huamka asubuhi.

Kukata slesi kuna historia fupi. Mmarekani Otto Rohwedder ndiye aliyetengeneza mashine ya kukata mkate mzima kwa mara moja, na mkate uliokatwa kwa mashine yake ulianza kuuzwa katika mji wa Chillicothe, Missouri, mwezi Julai 1928. Mkate uliokatwa hukauka upesi, kwa hiyo mashine ya kukata ililazimisha mfuko. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, vifungashio vya vyakula kama hivi viliachwa nje ya marufuku hiyo. Juu ya mfuko huandikwa viambato, uzito, tarehe na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo mwaka huo huo wa 2019 lilikabidhiwa usimamizi wa chakula uliokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Rangi ya kahawia ya mkate haimaanishi kwamba una pumba. Soma viambato, maana sukari iliyounguzwa nayo hutia rangi.

Hata ukifungwa vyema, mkate huchakaa. Wengi hudhani umekauka. Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha mwaka 1852 kwamba mkate huwa mgumu hata ukifungiwa usipoteze maji, na kwamba ukipashwa moto hulainika tena. Kinachotokea ni wanga uliovimba tanurini kuanza kujipanga upya na kukaza. Mpangilio huo huenda haraka zaidi kwenye baridi ya friji kuliko kwenye joto la kawaida la chumba, kwa hiyo mwenye duka anayeweka mikate kwenye friji ya soda anazuia kuvu na kuharakisha ugumu kwa wakati mmoja. Viwanda hupunguza kasi hiyo kwa vimeng'enya na mafuta maalumu yanayojibandika kwenye wanga. Ndiyo maana mkate wa kisasa unaweza kubonyea na kurudi siku ya nne, jambo ambalo babu zetu wangelitilia shaka.

Baada ya lango la kiwanda kuna fedha, na fedha ya mkate ina tabia zake. Mara nyingi duka hupewa mikate kwa mali kauli: chukua leo, lipa ukiuza. Isiyouzwa hurudi. Mkate uliorudi ni unga, umeme, usiku wa watu na mafuta ya gari, vyote vimelipiwa, na thamani yake sasa ni ya kukaushwa kuwa chenga au kulishia mifugo. Duka la mbali lina hatari maradufu: likipewa mikate mingi inarudi, likipewa michache gari limekwenda karibu tupu. Mvua ikiharibu barabara, siku moja ya uhai wa mkate inaisha njiani. Kwa hiyo mikate yote hutiwa sukari zaidi na kihifadhi kamili kwa ajili ya maduka ya mwisho. Nimesema mwanzo kwamba kiwanda hupiga hesabu kutokea huko. Ladha ya mlaji wa mjini, anayekula mkate wa asubuhi ile ile, nayo huamuliwa na duka asilolijua.

Nchi yetu ilishawahi kulijaribu wazo la kiwanda kikubwa kwa ukubwa wa kushangaza. Miaka ya mwanzo ya 1970, chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, kiwanda cha mikate cha mitambo inayojiendesha kilijengwa Dar es Salaam kwa msaada wa Canada. Mchumi Andrew Coulson alikichambua katika kitabu alichokihariri kuhusu ujamaa wa Tanzania, kilichotoka mwaka 1979. Hoja yake ni rahisi kuifuata hata leo: mitambo ilikula fedha nyingi za kigeni, iliajiri watu wachache, ilihitaji vipuri kutoka ng'ambo, na mkate wenyewe ungeweza kuokwa na tanuri ndogo ndogo zilizotawanyika mijini. Hayo yalifanyika miaka michache tu baada ya Azimio la Arusha la 1967, chini ya Rais aliyezaliwa Butiama, mkoani Mara kama Murangi, mtu aliyehubiri kujitegemea kuliko yeyote. Msaada wa nje una namna ya kuja na mashine zake na ngano yake.

Canada ilisaidia pia upande wa shambani. Kuanzia mapema miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Basotu, Hanang, chini ya shirika la NAFCO, yakilimwa kwa matrekta na mashine za kuvunia. Ngano ilipatikana. Wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao bora, wakaenda mahakamani, na mgogoro ule ukajulikana duniani. Hadi leo ngano ya Hanang, Karatu, Makete na kwingineko haitoshi. Sehemu kubwa kabisa ya ngano tunayokula huingia kwa meli. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ushuru wa asilimia 35 kwa ngano inayotoka nje, lakini nchi zetu zimekuwa zikiomba nafuu na kutoza asilimia 10, kwa sababu bila hiyo bei ya mkate ingepaa. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, nchi mbili zinazouza ngano nyingi duniani zilipigana, na andazi la Murangi likaguswa pamoja na mkate.

Je, mji kama Musoma unahitaji kiwanda cha namna gani? Naona jibu liko kwenye toroli. Kati ya tanuri la kuni na kile kiwanda cha Dar kuna tanuri linalozungusha toroli lenye trei, linalooka mikate mia moja hadi mia mbili kwa mkupuo. Linaendeshwa na watu wachache waliofundishwa, likiharibika fundi wa mjini anaweza kulifungua, na linapunguza umbali hadi duka la mwisho kuwa mwendo wa asubuhi moja. Umbali ukipungua, sukari na kihifadhi navyo vinaweza kupunguzwa. Tanuri la namna hiyo likiwekwa karibu zaidi na Murangi kuliko mjini lingefanya hivyo vizuri zaidi, mradi umeme uwe wa kutegemewa na wanunuzi wawe wengi kiasi cha kulijaza kila siku. Sharti la pili ndilo gumu. Tanuri hutumia moto karibu ule ule likiwa na mikate mia mbili au ishirini, na kijiji kinachopenda muhogo asubuhi hakina kosa.

Muhogo huo umewahi kufikiriwa kuwa dawa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964, na Nigeria ilipitisha sera ya kuwataka wasagaji wachanganye muhogo kwenye ngano miaka ya 2000. Uzoefu umefundisha kiasi: asilimia 10 ya muhogo haiutibui mkate kwa namna ambayo mlaji wa kawaida ataiona. Ukifika 20, gluteni iliyobaki inazidiwa, mkate unakuwa mfupi na mzito, na mwokaji anarudisha hasara yake kwa kununua gluteni ya unga kutoka nje, jambo linaloua maana ya zoezi zima.

Tatizo la pili ni la namna ya kutengeneza unga. Muhogo wa Mara kwa kawaida huvundikwa na kukaushwa kuwa udaga. Uvundikaji huo ni elimu ya maana, maana hupunguza sumu ya sianidi iliyomo kwenye mihogo michungu, na ugali wake una wenyewe. Kwa mkate haufai: uchachu na harufu yake hubaki hata baada ya tanuri. Unga wa muhogo wa mkate hauvundikwi. Mihogo humenywa, huoshwa, hukwanguliwa, hukamuliwa maji kwa nguvu ili sumu itoke nayo, na chenga zake hukaushwa kabla hazijaanza kuchachuka, ndani ya saa 24 tangu kung'olewa. Kiwanda kinachotumia mifuko 20 ya unga kwa siku, kikichanganya asilimia 10, kingehitaji kilo 100 za unga huo, na hizo hutoka kwenye kilo 400 hadi 500 za mihogo mibichi, kila siku, masika na kiangazi. Kazi hiyo ingeweza kufanyika Murangi bila tanuri. Inataka mashine ya kukwangulia, kikamulio, maturubai yaliyoinuliwa juu ya ardhi, maji safi, mbegu inayostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, na mtu mmoja mwenye pikapu anayejua kwamba saa 24 zinaanza kuhesabiwa jembe linapogusa shina.